Kabla ya Maji: Safari ya Wanafunzi Kutafuta Chanzo cha Vita, Mikindani hadi Masasi

Mwanafunzi yeyote wa sekondari kusini atakutajia sababu za Vita vya Maji Maji dhidi ya Wajerumani bila kuvuta pumzi: kodi, pamba ya lazima, maakida (wasimamizi waliowekwa na serikali ya Kijerumani), viboko. Mtihani unampa alama zake zote. Ukimuuliza kwa nini vita vilianza Julai 1905 na si Machi, au kwa nini mche wa kwanza wa pamba uling'olewa milimani Umatumbi, bara ya Kilwa, na si Lindi mjini mlangoni mwa boma la serikali, ananyamaza. Ratiba inayofuata inazichukua sababu hizohizo na kuziingiza ndani ya nyumba moja. Mwezi huu nani yuko shambani? Nani ameitwa kwa akida? Nani anafukuza nguruwe?

Maandalizi

Wakati mzuri ni mwisho wa Juni, shule zikiwa zimefungwa na mvua zimekwisha. Njia kuu ya Dar es Salaam–Lindi ni lami, lakini hata lami hukatika: Mei 2024, baada ya kimbunga Hidaya, maji yaliikata eneo la Somanga na magari yakalala barabarani. Kipande cha Njia Nne–Kipatimu (km 50) na kile cha Nangurukuru–Liwale (km 230) vina sehemu ambazo mvua ya usiku mmoja tu inatosha kuizuia kosta (basi dogo) kupanda. Sababu nyingine ni ya kisomo. Juni mtama unavunwa, ufuta umesimamishwa kwa mafungu ukauke, na madungu ya kuamia, yaani vibanda vya juu vya kulindia mazao, bado hayajabomolewa. Ukija Oktoba utaonyeshwa shamba tupu.

Barua ya utambulisho iende kwa mkurugenzi wa halmashauri ya kila wilaya, Kilwa, Liwale na Masasi, nakala kwa ofisa elimu, wiki tatu kabla. Kosa la kawaida ni kuwa na barua moja ya mkoa na kudhani inatosha. Mtendaji wa kijiji ataikataa, na ana haki, kwa kuwa akija mtu kuuliza baadaye, anayeulizwa ni yeye.

Kila kundi la wanafunzi wanne libebe kaunta buku (daftari kubwa) moja, mizani ya kuning'iniza ya kilo 50, viroba viwili, ngata ya kitambaa, kilo moja ya maharage na simu yenye nafasi ya kurekodi. Kwenye kaunta buku wanachora daftari la kaya. Kaya yenyewe ni ya kubuni lakini ya kawaida kwa wakati ule: mume, wake wawili kila mmoja na nyumba yake, bibi mzee, vijana wawili. Safu ni tano, yaani mwezi, kazi ya chakula, kazi ya akida, aliyebaki nyumbani, fedha. Sharti ni moja. Hakuna sentensi inayoandikwa bila kutaja ni nani katika wale sita aliyefanya kazi hiyo. "Watu walilazimishwa kulima" haikubaliki. "Mke mdogo na kijana mkubwa waliitwa, bibi akabaki na ndege" inakubalika.

Kitu kimoja kisipakiwe kwenye gari: mbegu za pamba. Mikoa hii ya kusini imo katika eneo lililozuiwa kulima pamba, ili funza mwekundu asipenye kwenda kwenye mashamba ya mikoa mingine. Kwa hiyo ardhi iliyoingia vitani kwa sababu ya pamba leo haina pamba hata ya kuonyesha. Badala yake tumieni sufi (nyuzi laini za ganda la msufi), nayo ipo ya kutosha pwani nzima.

Siku ya kwanza: Mtwara, Mikindani, Lindi

Mikindani iko jirani na Mtwara mjini, na boma lake la mwaka 1895 sasa ni hoteli. Lisichukue muda mrefu. Cha kutazama zaidi ni maduka ya zamani yaliyopangana kuelekea maji, kwa sababu humo ndimo bidhaa za bara zilipogeuka fedha: pembe, nta, sandarusi na mpira wa mwitu. Mpira huo hutoka kwenye mitambaazi ya msituni. Gome hukatwa kidogo, utomvu hutiririka, ukiganda huviringishwa mpaka ukawa tufe la kushikika mkononi. Mtu wa bara hakuwa mgeni wa soko. Alikuwa anauza, tena vitu ambavyo havikumwondoa shambani wakati wa palizi, kwa kuwa alivikusanya pale alipopata nafasi. Wanafunzi waandike hili mapema, maana dhana kwamba Mjerumani ndiye aliyeleta biashara huharibu hesabu zote za siku zinazofuata.

Jioni, Lindi, ni somo la fedha. Kodi ya nyumba ilianza kutozwa mwaka 1898, rupia 3 kwa nyumba ya kijijini. Rupia iligawanywa kwa pesa 64 hadi serikali ilipoleta heller mwaka 1904, na tangu hapo rupia 1 ikawa heller 100. Makundi mengi hukosea hapa, wanachanganya pesa 192 na heller 300 kana kwamba kodi ilipanda. Haikupanda, ni sarafu iliyobadilika. Kilichopanda ni ukali wa kudai taslimu.

Ilipoanza, kodi ilikuwa ya nyumba, si ya kichwa. Kaya yetu ina nyumba mbili, basi ni rupia 6. Waulizeni wanafunzi: ungefanya nini? Hawachukui dakika tano kusema wake wawili wahamie nyumba moja. Ndivyo kaya nyingi zilivyofanya. Halafu msichana mmoja atauliza chakula cha nani kinapikwa kwanza, na hapo kodi inaacha kuwa neno la kitabuni.

Siku ya pili: Lindi hadi Kilwa Kivinje

Ni siku ya gari, kwa hiyo ya kukaa na kusoma. Kilwa Kivinje mna boma la Kijerumani ufukweni na, pembeni ya mji, Mwembe Kinyonga, mahali walipotundikwa waliokataa utawala wa Wajerumani. Hassan bin Omari Makunganya alinyongwa Kilwa mwaka 1895, miaka kumi kabla ya Maji Maji. Mwaka huo uandikwe pembezoni mwa daftari. Ukatili haukuanza na pamba, na kama kunyongwa watu pekee kungetosha kuamsha kusini nzima, kungeiamsha 1895.

Viboko navyo vina namba yake. Adhabu ya kawaida ilikuwa 25, na watu wakaiita hamsa ishirini. Msiwafanyie wanafunzi maigizo ya kuchapana. Tumeona ikigeuka kicheko, na somo lote la siku hiyo likaishia hapo.

Siku ya tatu: Njia Nne hadi Kipatimu

Kutoka Njia Nne gari linaacha lami na kupanda. Hewa inabadilika, minazi inapungua, michungwa inaanza. Machungwa ya Umatumbi mwezi huu ni ya kununua kwa kiroba, na wanunue, ila wachunguze jambo moja: chungwa hili limebebwa na nani hadi lami, na kwa kiasi gani cha nguvu?

Zoezi la mzigo linafanyika hapa. Kipimo cha biashara cha pwani kilikuwa frasila, ratili 35, karibu kilo 16. Mzigo wa mpagazi ulikaribia frasila mbili. Mwanafunzi asibebeshwe huo. Kilo 10 za mchanga ndani ya kiroba, kichwani juu ya ngata, mwendo wa kilomita mbili, zinatosha kabisa. Pimeni muda mara mbili, mtupu na mwenye mzigo. Zoezi huharibika kwa sababu mbili. Ya kwanza, wavulana hubeba begani kwa aibu ya kubeba kichwani, na bega moja huchoka kabla ya shingo, hivyo kasi inapungua kwa sababu isiyohusika. Ya pili, mchanga usiobanwa hukimbilia upande mmoja. Fungeni kiroba palepale mchanga unapoishia, si juu kabisa mdomoni.

Kilomita 50 wazigawe kwa kasi wanayoipata. Inakuja siku mbili za kushuka pwani na mbili za kurudi, bila kuhesabu kusubiri mizani. Sasa waandike kwenye daftari: kijana mkubwa hayupo nyumbani siku nne. Mwezi gani? Ndilo swali la kesho.

Siku ya nne: Nandete

Asubuhi ni ofisi ya kijiji, kitabu cha wageni, maelezo mafupi, na mwenyekiti wa kitongoji anayetangulia kwenda kuwaomba wazee. Zawadi ni sukari na majani ya chai, na hutolewa mwishoni. Fedha ikitangulizwa, mzee atakwambia unachotaka kusikia.

Nandete ina mnara wa kumbukumbu. Hapa, mwezi Julai 1905, Ngulumbalyo Mandai na Lindimyo Machela waliing'oa miche ya pamba kuwa tangazo la vita. Ni jambo la kusimama nalo kidogo. Hawakuanza kwa kumpiga mtu. Walianza kwa kung'oa mmea, na ulikuwa wakati wa kuuvuna.

Mwaka 1968 wanafunzi wa historia kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam walitumwa kusini kukusanya masimulizi ya vita hivi, na waliwakuta wazee walioyaona kwa macho au waliokuwa watoto wakati huo. Leo hayupo hata mmoja. Anayezungumza nawe ni mjukuu au kitukuu, naye alisoma shule ya msingi, akaimbishwa Maji Maji darasani kama wewe. Ukimuuliza tukio, anakurudishia kitabu. Ukimuuliza kazi, anakupa alichofundishwa na bibi yake kwa mikono, na humo kitabu hakijaingia. Tazameni tofauti, kwa mzungumzaji yuleyule, barazani palepale.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, wajukuu zangu."

"Bibi, kwa nini Wamatumbi walipigana na Wajerumani?"

"Walitutesa. Walitulimisha pamba. Maakida walikuwa wabaya."

Kimya. Mwanafunzi anatazama karatasi yake ya maswali. Kisha mwenzake anauliza:

"Bibi, mtama ukitoa masuke, hapa kwenu nani alikuwa analala dunguni?"

Hapo bibi anajiweka sawa mkekani. Anaeleza dungu linavyojengwa kwa miti minne na ngazi, moto chini yake usiku kucha, kamba zilizofungwa makopo na vibuyu zikivutwa kutoka juu. Ndege huamiwa mchana na watoto. Nguruwe huja usiku na huhitaji mtu mzima. Usiku mmoja bila mtu, anasema, asubuhi unakuta mahindi yamelala yote, hawali sana, wanakanyaga. Na kuamia peke yake hakutoshi. Zamani wanaume walikwenda kwa pamoja na nyavu, wengine wakishika nyavu, wengine wakiwinga kwa kelele na mbwa, hadi nguruwe wa bonde zima wapungue. Wanaume wachache hawawezi. Nyavu ni ndefu.

Maneno ya bibi huyo yanajaza safu tatu za daftari kwa mara moja. Serikali ya kikoloni iliweka sheria ya uwindaji mwaka 1896 na ya misitu mwaka 1904, na kila moja ilimbana mtu wa kawaida katika kuingia porini. Juu ya hapo, wanaume wale wale wa kushika nyavu ndio walioitwa kwa akida, barabarani, kupagaa, au kwenye pamba.

Mchana, chini ya mwembe, tunapanga kalenda. Chorani duara ardhini, miezi kumi na miwili. Kokoto nyeupe ni kazi ya chakula, nyeusi ni kazi ya pamba.

Desemba na Januari ni kupanda mtama na mahindi: nyeupe. Februari na Machi ni palizi: nyeupe nyingi. Wenyeji wanakadiria palizi ya ekari moja kwa jembe la mkono ni kazi ya mtu mmoja ya siku kumi hivi, lakini msiwape wanafunzi namba hiyo, wakaiulize wenyewe. Sasa wekeni pamba. Pwani ya mashariki hupandwa Februari na Machi. Nyeusi inaangukia juu ya nyeupe. Aprili na Mei, pamba inataka palizi yake mara mbili au tatu wakati masuke yanatoka na ndege wamefika. Nyeusi tena juu ya nyeupe. Julai vitumba vinapasuka, havipasuki siku moja, kwa hiyo shamba hurudiwa na kurudiwa kwa majuma mengi, huku mtama ukiwa bado unavunwa, unapurwa na kuingizwa ghalani. Hakuna mwezi tangu Februari ambao pamba ilichagua muda wa mapumziko.

Mpango wa mashamba ya pamba ya vijiji ulianza wilaya ya Dar es Salaam mwaka 1902 na ukaenezwa kusini. Kwa utaratibu wake, mtu alitakiwa kufanya kazi siku 28 kwa mwaka, na mapato yakagawanywa mafungu matatu: wafanyakazi, jumbe (mkuu wa kijiji), na ofisi ya wilaya iliyoshughulikia kuuza. Siku 28 kwa masikio ya mwanafunzi ni chache. Ndiyo maana kokoto zinatangulia. Siku 28 za Agosti zingeuma kidogo, siku 28 za Machi ni ekari mbili na zaidi zilizoachiwa magugu.

Halafu maharage. Hesabu punje 90 mbele ya kundi la watu 30. Punje 30 kwa jumbe, ziwe fungu moja mbele ya mtu mmoja. Punje 30 kwa ofisi ya wilaya, zirudi mfukoni. Zilizobaki wagawiane. Kila mmoja anashika harage moja, anamtazama jumbe, anatazama harage lake. Wanaotoka kwenye familia za korosho huanza papo hapo kuzungumzia makato ya chama cha msingi cha ushirika, na mwalimu awaache kwa muda, kisha awarudishe: mkulima wa korosho ana shamba lake, anashika stakabadhi, na mwaka ujao anaweza kulima ufuta. Yule wa 1905 hakuwa na hata kimoja.

Zoezi la kuchuma na kuchambua linafuata, kwa sufi. Hapa kuna mtego. Sufi hutoka kwenye ganda lake kwa mkupuo mmoja na mbegu zake hudondoka zenyewe ukitikisa. Pamba hushika mbegu zake kwa nguvu, na kikombe chake kikavu kina ncha zinazochoma vidole. Mwanafunzi akimaliza kiroba cha sufi kwa nusu saa ataondoka akidhani pamba ni kazi nyepesi. Kwa hiyo mwambieni apime uzito. Kiroba kilichojaa sufi hakifiki hata kilo chache. Mchumaji mzoefu wa pamba hupata kilo 15 hadi 25 kwa siku, na ikishachambuliwa, theluthi moja tu ndiyo nyuzi. Kilo 90 za pamba yenye mbegu ni kilo 30 hivi za nyuzi.

Siku ya tano: Kibata na mapangoni

Kibata ilikuwa makao ya akida, Sefu bin Amri. Kilima chenyewe kinajieleza. Ukisimama juu unaona nani anapanda, na anayepanda anajua anaonekana. Eneo hilihili lilipigwa mizinga tena mwaka 1916 katika vita vya Waingereza na Wajerumani, kwa hiyo mabaki ya kuta na mahandaki yasichukuliwe yote kuwa ya 1905. Wageni wengi huchanganya.

Akida hakuwa Mjerumani, na hili linawasumbua wanafunzi. Alikuwa mtu wa pwani, Mwislamu, msema Kiswahili, aliyewekwa juu ya majumbe waliokuwa ndugu za wanakijiji. Jumbe alikuwa na mapingu pande mbili: akileta watu wachache anachapwa yeye, akileta wengi nyumba za shemeji zake zinalala njaa. Kwenye daftari, kila kundi limweke jumbe wake kama mtu wa saba na limwandikie mwezi wake wa Machi.

Hapa ndipo maji yanapoingia, na si kabla. Mwaka 1904 Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, upande wa Rufiji, alianza kupokea watu waliokuja kwa makundi. Habari zilipita Umatumbi kwa kunong'ona, mtu kwa mtu, wakiita njwiywila. Dawa yenyewe ilikuwa maji na nafaka, na watu wa wakati huo walieleza kwamba iliahidi mambo ya nyumbani kabla ya mambo ya risasi: afya, mavuno, kinga ya shamba dhidi ya nguruwe. Mwanafunzi aliyepanga kokoto jana hashangai tena kusikia nguruwe wametajwa. Anayekuja moja kwa moja kwenye risasi kugeuka maji huondoka akiwacheka babu zake.

Tarehe 31 Julai 1905 maduka ya Samanga pwani, Somanga ya leo, yalichomwa. Tarehe 4 Agosti Kinjikitile alinyongwa Mohoro. Vita vilikuwa vimeshamtoka mikononi.

Mapango ya Nang'oma, ambamo watu walijificha, yanahitaji mwongozaji wa kijijini, tochi mbili kwa kila mtu na viatu vya kufunga. Ndani mna popo na mteremko wa utelezi. Wasiozidi kumi kwa mara moja.

Siku ya sita: barabarani

Nangurukuru hadi Liwale. Vumbi. Jazeni mafuta Nangurukuru na mbebe maji ya kunywa ya siku nzima.

Siku ya saba: Liwale

Hapa daftari linapasuka, na vizuri lipasuke. Kaya ya Kingindo, ya Wangindo wa huku, haikuishi kwa kalenda ya pamba ya Umatumbi. Iliishi kwa mtama, kwa uwindaji, na kwa kuuza mpira, nta na pembe. Abdallah Mapanda, aliyeongoza vita upande huu, alikuwa mwindaji wa tembo. Makundi yafute safu ya "kazi ya akida: pamba" na kuandika upya: leseni ya kuwinda, kodi, upagazi, mpira. Wanafunzi hulalamika kwamba kazi ya siku nne imeharibika. Haijaharibika, ni wao waliodhani Nandete ni kusini nzima.

Boma la Liwale lilianguka katikati ya Agosti 1905. Tarehe 14 Agosti, Mikukuyumbu, Askofu Cassian Spiss aliuawa pamoja na mabruda wawili na masista wawili wa Kibenediktini waliokuwa naye njiani.

Mchana ni mashambani. Liwale ya leo inapakana na hifadhi, na tembo wanaingia kwenye mashamba. Madungu yapo, watu wanalala juu yake, na mkulima aliyepoteza zao anajaza fomu ya kifuta jasho, malipo ya serikali kwa hasara ya wanyamapori. Acheni wanafunzi wahesabu usiku ambao mwenye shamba amelala dunguni tangu mazao yatoe mbegu. Hapa hawahitaji kubuni.

Siku ya nane: Nachingwea, Lukuledi, Masasi

Wamisionari wa Kianglikana waliweka makazi Masasi mwaka 1876 pamoja na watu waliokombolewa utumwani. Mwaka 1905 misheni ilichomwa, na wamisionari wakakimbilia Lindi. Lukuledi, misheni ya Wabenediktini, nayo haikusalimika, na ile ya Nyangao iliangukia mkono huohuo mwishoni mwa Agosti.

Zoezi la Masasi ni gumu kuliko yote: kuandika kaya ambayo haikupigana. Wamakonde wengi wa nyanda za juu hawakuingia vitani. Barnaba Nakaam, mkuu wa Kiyao wa Chitangali na Mkristo, alisimama upande wa serikali. Kosa la wanafunzi ni kumwita msaliti na kufunga kitabu. Wapewe ukurasa mtupu wenye safu zilezile tano na wamjaze mtu mmoja wa Chitangali mwezi baada ya mwezi: analima nini, anauza wapi, anamwogopa nani zaidi, jirani au boma? Ambao hawawezi kujaza waache wazi. Safu iliyoachwa wazi inapata alama, iliyojazwa kwa kubuni tabia ya watu haipati.

Siku ya tisa: kurudi kwa njia ya Nyangao na Mtama

Njiani kuna ming'oko (mizizi ya porini) ya kuchemsha inauzwa kwa mafungu. Nunueni, kwa sababu somo la mwisho ni njaa. Jeshi la Kijerumani lilipoona vita vya msituni haviishi, lilichoma maghala na kuharibu mashamba. Takwimu ya serikali ya Kijerumani ilitaja vifo 75,000. Makadirio ya baadaye ya wanahistoria yanafika 250,000 hadi 300,000, na wengi wao walikufa kwa njaa na maradhi. Namba hizo mbili zisijumlishwe wala kuchukuliwa wastani wake, kila moja iandikwe na aliyeitoa.

Ming'oko unachimba na kuchemsha, ndani ya saa moja unakula. Ndiga, kiazi kingine cha porini, ni jambo jingine. Ina sumu. Hukatwa vipande vyembamba, hulowekwa kwa maji yanayobadilishwa siku baada ya siku, hukaushwa, ndipo hutwangwa. Mwenye njaa hana siku hizo, na hapo ndipo ndiga huua.

Basi daftari la kaya lisifungwe Julai 1905 miche inapong'olewa, wala Desemba. Ekari moja ya mtama inataka kilo nne hivi za mbegu. Kundi liandike mbegu hizo ziko wapi baada ya ghala kuchomwa, nani amezila, na mume asipokuwepo Januari 1906 nani anashika jembe, kisha liendelee mwezi kwa mwezi hadi mavuno ya 1907. Nakala moja ya daftari ibaki Mtwara, nyingine irudishwe kwa mtendaji wa Nandete kabla shule hazijafunguliwa.